Bibi Aliyeridhika Mara Tatu

Kila siku saa sita mchana king'ora kililia mlimani, na kila mtu mtaani alijua la kufanya. Watoto walitoka nje. Bibi, aliyekuwa mfinyanzi, alikumbatia rafu ya vyungu vyake vibichi. Kisha baruti zililipuka, ardhi ikatikisika, na watu wakarudi kwenye shughuli zao. Mradi ulikuwa unapasua mwamba ili barabara kuu ipite.

Vyungu vilipona, lakini si ukuta wa chumba walicholala Bibi na mjukuu wake. Ufa ulianza mwembamba kama unywele. Sasa msichana yule wa miaka kumi na miwili aliweza kupenyeza kiganja kizima, na mvua zilikuwa zinakaribia. Bibi aliogopa ukuta ungewaangukia wakiwa usingizini.

"Karani wangu, twende tena," alisema Jumatano moja.

Bibi hakwenda shule, kwa hiyo mjukuu ndiye aliyemsomea kila karatasi, na ndipo lilipotoka jina la Karani. Hii ilikuwa safari yao ya nne kwenye Kamati ya Malalamiko. Karani alikuwa ameichoka kamati, foleni yake na benchi lake lisilo na kivuli.

Kamati ilikaa ndani ya kontena kwenye kambi ya mradi. Mwenyekiti alikuwa mpole ajabu.

"Pole sana, mama," alisema, kama alivyosema mara zote. Aliandika maneno ya Bibi, akafungua kidau cha wino, kisha simu ikamwita nje.

Faili la Bibi lilibaki wazi mezani. Karani alichungulia. Fomu tatu za zamani zilikuwa na muhuri mwekundu: LIMEFUNGWA. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno haya: "Mlalamikaji amesikilizwa na ameridhika." Na hapo hapo palikuwa na alama ya dole gumba la Bibi.

Kila mara Bibi alikuwa amemuuliza, "Umesoma yote?" Kila mara Karani alijibu, "Yote, Bibi." Kumbe alisoma jina na malalamiko tu. Zile herufi ndogo aliziruka, kwa sababu kontena lilikuwa na joto na njaa ilimuuma.

Angeweza kunyamaza. Lakini Bibi alikuwa amekwisha kuchovya dole gumba kwenye wino.

"Bibi, usiweke!" alisema. "Nilikudanganya. Sikuwahi kusoma mpaka chini. Imeandikwa umeridhika. Mara zote tatu."

Bibi aliondoa mkono juu ya fomu, akamtazama. Karani aliona afadhali angepigwa kofi.

Mwenyekiti aliporudi, alimkuta Bibi anafuta dole lake kwenye upindo wa nguo.

"Huo ni utaratibu tu, mama."

"Nikiweka dole, karatasi inakwenda wapi?"

Mwenyekiti alikohoa. "Inabaki kwenye faili."

"Nisipoweka?"

"Lalamiko lisilofungwa huenda kwa mhandisi mkuu," alijibu kwa shida, kama anang'olewa jino. "Lakini mama, utanitia matatani. Wakubwa wangu wanataka mafaili yaliyofungwa."

"Na mimi nataka ukuta, baba. Lipeleke."

Nje, watu saba walikuwa wanasubiri. Karani alimsomea kila mmoja fomu yake, tangu juu hadi chini, mpaka sauti ikamkauka. Siku hiyo hakuna aliyeweka dole.

Mhandisi alikuja baada ya wiki tatu. Aliingiza rula ndani ya ufa, akatikisa kichwa. Siku chache baadaye waashi waliubomoa ukuta ule na kujenga mwingine, wenye msingi wa zege. Nyumba nyingine saba nazo zikaingizwa kwenye orodha.

Jioni moja mvua ya kwanza ilinyesha. Karani alikuwa amekaa kitandani.

"Bibi, bado una hasira nami? Nilikuwa nimechoka tu."

"Kuchoka si kosa, mjukuu wangu. Hata mimi nimechoka, tena sana. Ungeniambia, 'Bibi, nimechoka,' tungepumzika, kisha tukasoma." Bibi aliegemea ukuta mpya. "Kosa ni kusema umemaliza wakati hujamaliza. Kamati ilitufanyia hivyo, tukailaani. Basi na sisi tusifanyiane."