Shokapu ya Kushoto

Kila alasiri akitoka shule, Tullia hakupanda ngazi kwenda nyumbani moja kwa moja. Aliingia kwanza karakana ya baba yake, chini ya nyumba, akavaa ovaroli na kuuliza, "Leo kuna nini, baba?" Baba yake, Fausto, alikuwa fundi wa misumeno ya injini na pikipiki za milimani, na katika mabonde ya Bergamo, kaskazini mwa Italia, kazi hizo hazikosekani.

Mwaka ule Tullia alitimiza miaka kumi na mitatu, akarefuka ghafla. Pikipiki yake ikaanza kumshinda. Akishuka mteremko wa mawe, mbele ilizama na shokapu, yale mabomba mawili ya springi yanayomeza mishtuko, zikagonga mwisho wake kwa kishindo. Baba akaagiza springi ngumu zaidi na mafuta mapya ya kuzizuia zisizame haraka.

"Jumapili tutazifunga pamoja," alisema. "Mpaka hapo usiziguse. Shokapu ni kazi ya kupima, si ya kukisia."

Shida ni kwamba Tullia alikuwa ameshajigamba shuleni.

"Springi nimebadilisha mwenyewe," aliwaambia wavulana wawili wa kikundi chao cha mazoezi ya pikipiki.

"Wewe? Na baba yako alikuwa anashika tochi, siyo?" mmoja akamtania.

"Baba hakuwepo."

"Haya, fundi. Jumamosi tutaiona hiyo kazi."

Basi Ijumaa, Fausto alipokwenda mjini kuchukua vipuri, Tullia alijifungia karakanani. Aliiinua pikipiki, akatoa gurudumu la mbele, akachomoa shokapu zote mbili. Ya kulia ilikwenda vizuri. Alimwaga mafuta machafu, akatia mapya, akapima kwa rula kutoka mdomo wa bomba hadi yalipofika mafuta, kama alivyofundishwa, kisha akaingiza springi mpya. Alipokwishatia mafuta kwenye ya kushoto, akageuka kuchukua rula, na kiwiko chake kikaigonga shokapu hiyo. Ikaanguka, mafuta yakatambaa mezani hadi sakafuni. Kwenye chupa yalibaki kidogo tu. Aliyamimina yote, akachungulia ndani, akaona giza. Rula hakuichukua tena, kwa sababu alijua ingemwambia nini.

Baba aliporudi aliliona boksi la springi likiwa tupu. Uso ukamkunjamana.

"Umezifunga?"

"Ndiyo, baba."

"Mafuta umepima?"

"Nimepima."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Fausto akaushika usukani, akaukandamiza. Pikipiki ikazama, ikapanda. Alikagua nati moja moja, naye Tullia akawa anatazama sakafu aliyoisugua kwa matambara. "Umenikaidi, na hilo tutalizungumza," baba alisema hatimaye. "Lakini umefunga vizuri. Sikutegemea."

Tullia alikuwa amejiandaa kwa ukali, hakujiandaa kwa sifa. Maneno ya kukiri aliyokuwa nayo mdomoni aliyameza.

Jumamosi alizunguka taratibu, akikwepa mteremko mkali. Alikuwa akitafuta kisingizio cha kurudi nyumbani Nives alipomjia, helmeti mkononi. Nives alikuwa rafiki yake wa tangu chekechea, na siku hiyo klachi ya pikipiki yake ilikuwa imekufa.

"Nipe raundi moja tu. Nataka kuzionja hizo springi zako."

"Leo... labda wiki ijayo."

"Uchoyo umeanza lini, wewe?"

"Mpe mwenzako," alisema Fausto, aliyekuwa amesimama na kocha wao, Olmo. "Pikipiki iko sawa."

Wote walikuwa wakimtazama. Kukataa kulihitaji sababu, na sababu ilikuwa moja. Tullia akashuka.

"Nenda polepole, Nives."

"Polepole ndiyo mwendo gani?" Nives alicheka, akaondoka.

Kwenye mteremko mkali kulikuwa na ngazi ya mwamba ambayo Nives alikuwa ameiruka mara nyingi. Safari hii, alipotua, mbele ya pikipiki ilizama yote, ikagonga, usukani ukapinda, naye akarushwa juu ya mawe. Walipomfikia alikuwa amekaa, ameukumbatia mkono wake, analia bila sauti. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika.

"Amekamata breki ya mbele," alisema Olmo. "Nimewaambia kila siku." Wavulana wakatikisa vichwa kukubali. Tullia alisimama kati yao, akiitazama shokapu ya kushoto.

Siku zilizofuata hakuona pa kwenda. Mezani aliisukuma polenta, ugali wa mahindi wa kwao, pembeni mwa sahani, na baba akimwona alimwambia kwa upole, "Usijilaumu. Hukufanya kosa lolote." Kila neno la upole lilimsogezea ukuta karibu zaidi. Karakanani hakuingia tena.

Katikati ya wiki alikwenda kumwona Nives. Mama yake Nives alimkumbatia mlangoni. "Mungu akubariki, binti yangu. Wengine hata simu hawajapiga."

Nives alikuwa kitandani, mkono kwenye plasta. "Viatu vyangu vya mazoezi nimemwambia mama aviuze," alisema.

"Kwa nini?"

"Olmo anasema nilikamata breki. Mimi nakumbuka vidole vyangu vilikuwa havijaigusa. Lakini kila mtu anasema nilikamata, basi labda nilikamata. Sasa hata mkono wangu mwenyewe siuamini."

Tullia alitazama nje. Dirisha zima lilijaa mlima.

"Hukuigusa," alisema. "Shokapu ya kushoto haikuwa na mafuta ya kutosha. Niliyamwaga. Nikadanganya kwamba nimepima."

Nives aliinuka akakaa. "Na siku zote hizi ulijua?"

"Ndiyo."

"Basi usiishie kuniambia mimi. Kamwambie Olmo. Mbele ya wote, kama alivyonisema mimi."

Jioni hiyo Tullia alimweleza baba yake yote. Fausto hakufoka. Aliifungua shokapu ya kushoto, akampa rula. "Pima." Mafuta yalikuwa chini sana. Baba akakaa kwenye kigoda, akafuta mikono kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi.

"Na mimi nina langu," alisema. "Nilimpandisha mtoto wa watu bila kupima mwenyewe. Kesho tutakwenda kwao, mimi na wewe."

Jumamosi Tullia alisimama mbele ya kikundi akasema lililotokea. Hakuficha kitu. Hakuna aliyecheka. Olmo alivua kofia, na mazoezi yalipokwisha akaendesha gari hadi kwa akina Nives kumwomba radhi.

Plasta ilipotolewa na daktari alipomruhusu, Nives alikuja karakanani na viatu vyake, ambavyo mama yake hakuviuza. Wasichana wakazijaza mafuta shokapu zote mbili na kuzipima pamoja, Fausto akisimamia.

"Kumwaga mafuta si kitu, Tullia," alisema baba. "Mimi nimemwaga ndoo nzima maishani mwangu. Ungeniambia Ijumaa ile, tungefuta meza, tukanunua chupa nyingine. Lakini uliogopa kuonekana umekosea, ukamwacha mwenzako abebe kosa lako mwilini na moyoni. Ukiharibu kitu, sema siku hiyohiyo, wakati bado kinatengenezeka."

Alasiri Nives ndiye aliyepanda kwanza. Tullia alisimama chini ya mteremko mpaka alipomwona ametua, shokapu zikazama na kunyanyuka laini, naye Nives akapita mbele yake bila kupunguza mwendo.