Hina Ilikuwa Haijakauka

Mniwie radhi wasomaji, mwandiko wangu unapinda na huenda herufi nyengine nimeziruka. Niliishia darasa la saba, tena naandika polepole kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havinyooki.

Nina miaka ishirini na mbili, mzaliwa wa Mji Mkongwe. Mama alifariki nikiwa mdogo. Baba akaoa tena, akazaliwa mdogo wangu, nitamwita Nasra. Siku moja, nikiwa na miaka tisa, nilionja halua aliyowekewa Nasra. Mama wa kambo aliukamata mkono wangu akaubana kwenye seredani ya makaa... Baba aliambiwa nimeanguka. Naye akaamini!

Tangu hapo nilimwonea wivu Nasra. Yeye kitandani, mimi mkekani. Yeye nguo mpya ya Sikukuu, mimi ya kupewa na jirani. Kilichoniuma zaidi, hakuwa na ubaya. Alinifichia chakula chini ya mto wake. Angekuwa mbaya, si ningemchukia kwa raha?

Nilipokua nilijifunza kuchora maharusi hina kwa mkono wa kushoto. Kazi ilinipenda. Lakini mkono wa kulia uliniuma kila baridi, na rafiki mmoja akanionjesha unga, dawa za kulevya. Mkono ukanyamaza... na moyo pia.

Aliyekuwa akituuzia unga nitamwita Mfaume. Alipojua kazi yangu alifurahi. Mchora hina huingia mpaka chumba cha ndani, akaiona dhahabu yote ya bi harusi! Akaninyima kete yangu ya unga.

"Nitajie nyumba kwanza," alisema.

Arosto wanaijua walioipata. Mifupa inasagika, matumbo yanakata. Nikataja. Wenzake wakaenda kuiba. Nilipotaka kuacha, alinicheka.

"Ntawaambia wenyewe nani kawauza. Watamwamini nani, teja wee?"

Nikataja nyengine, na nyengine...

Ikafika harusi ya Nasra. Mama yake alishapata mchoraji mwenye jina, Nasra akagoma. "Simtaki mwengine mie! Dada yangu ndiye atakayenchora."

Nikaenda. Baada ya alasiri wanawake wote walitoka kwenda kwenye ngoma mtaa wa pili, tukabaki wawili. Dhahabu aliyoletewa na mume ilikuwa kitandani. Nilimchora maua mpaka viwikoni, huku navitazama vidole vyake. Kumi, laini, vyote vimenyooka! Wivu ukanijaa.

Sasa nisikilizeni. Nyumba nyengine nililazimishwa. Hii hakuna aliyeniuliza! Nilishuka ngazi, nikampigia Mfaume mwenyewe. Nikamwambia mlango haukufungwa, bi harusi yuko peke yake, hina haijakauka, hawezi kushika kitu wala kukimbia.

Nikarudi juu kumuaga. "Usiguse chochote mpaka ikauke."

"Haya, dada. Lakini usikawie, nna kitu chako."

Walipoingia, dhahabu yake aliwaachia yote. Alichokirukia ni kitambaa kidogo kilichofungwa fundo. Wakamkanyaga mkono kwa viatu mpaka vidole vikavunjika, hakukiachia! Majirani waliposikia mayowe wakaja, wezi wakakimbia.

Nilishindwa kula, nikashindwa hata kuvuta. Nikajipeleka mwenyewe soba hausi, nyumba ya kuachia unga. Nasra akanifuata huko, mkono umefungwa bendeji, hina imevurugika mpaka kwenye mashavu. Akakifungua kile kitambaa. Ndani mlikuwa na bangili ya marehemu mama yangu! Mama wa kambo aliificha miaka yote. Nasra alimwomba mama yake iwe ndiyo zawadi yake ya harusi, ili anipe mimi.

Alichopigania kilikuwa changu...

Nikamwambia ukweli wote. Aliiweka bangili juu ya godoro, akatoka. Hajarudi tena. Polisi nao nimewaeleza, Mfaume yuko ndani, na mimi nasubiri kesi yangu.

Utoto wangu wote nilitamani tulingane. Sasa tumelingana. Vidole viwili vya Nasra havinyooki.

Wazazi, mtoto akiungua ulizeni mara mbili! Na wewe kijana mwenzangu, usimeze maumivu yako kwa unga. Atakayekuuzia atakutuma, na siku moja utajituma mwenyewe. Mimi wivu wangu ulinituma.

Yupo kati yenu aliyemuumiza nduguye hivi, kisha akasamehewa? Alianza kwa neno gani? Niandikieni, nawaomba. Bangili sijaivaa.