Kamba ya Mayunga

Watu hubishana neno “mauzauza” lilitoka wapi. Rafiki yangu Malimi habishani: kwake lilitoka shimoni, huko Kerende.

Mdogo wake, Mayunga, alifukiwa humo akichimba dhahabu, na matanga yakaanuliwa bila mwili kupatikana. Baadaye Malimi alirudi, mchana kweupe, kuifuata tu kamba yao ya kushukia, iliyobaki ikining'inia shimoni, akafungie ng'ombe. Chini gizani maji yalikuwa yakidondoka, ghafla yakanyamaza. Kamba ikatikisika mara mbili, kama wachimbaji wanavyoitikisa wakitaka kupandishwa.

“Mayunga! Shikilia, mdogo wangu, nakuvuta!” Alivuta huku analia.

Kamba ilipanda nyepesi, haina mtu. Ila ncha yake ilikuwa imelowa jasho, na bado ilikuwa na joto la kiganja.