Chumvi ya Mashua ya Khamiso

Yangeyange aligoma kupanda mashua. Sabhagi alimlea tangu kifaranga, naye ndege huyo alimfuata hata jikoni, lakini adhuhuri ile aliishia kwenye ubao wa kupandia, akarudi nyuma.

"Ndege naye ana maringo kama bibi yake!" Khamiso alimtania. "Panda, dada. Mbao za zamani hizi, na tanga nakupa. Mimba ya miezi saba hiyo, unangoja nini?"

Sabhagi alitamani kumkubalia kaka yake. Tangu ziwa la Manchar lifurike na kula nyumba yao, yeye na mumewe Soomar walilala chini ya turubai kwenye tuta. Lakini kwao, watu wa kuishi mashuani, uamuzi ni wa mama wa nyumba: akionja chumvi ndani ya mashua, mashua ni yake, na vyote vilivyomo.

Akapanda. Chini ya sakafu akasikia jiwe la kusagia likizunguka, taratibu.

"Kaka, nani anasaga?"

"Maji tu hayo." Khamiso hakumtazama. Alikuwa akimwangalia binti yake, Sumbal, aliyekaa kwenye tuta. Mtoto huyo alikuwa hajatamka neno kwa miaka miwili.

Mara harufu ya hina mbichi ikapanda kutoka kwenye nyufa, ikamjaa puani na kooni, na jiwe likaongeza kasi, na joto likapita chini ya nyayo zake kana kwamba mtu amelala chini ya ubao akizifuata hatua zake kwa pumzi, na mtoto tumboni, aliyekuwa akirusha mateke tangu asubuhi, akatulia tuli.

"Siitaki," alinong'ona. "Bora turubai."

"Haya, basi. Kunywa mtindi kwanza, usije ukaanguka."

Alikunywa kwa sababu ni kaka yake. Funda la pili ndipo ulimi ulipoitambua chumvi.

"Khamiso! Umenitilia nini?"

Khamiso alikuwa analia. "Nisamehe, dada. Lililomo humu liliniambia nilitafutie mwenye mimba, ndipo limwache mwanangu."

"Baba!" Sumbal aliita kutoka kwenye tuta, neno lake la kwanza baada ya miaka miwili. Khamiso akaruka ukingoni, akambeba, akakimbia bila kugeuka. Kilichomuuma Sabhagi kuliko hofu yenyewe ni kwamba mkono ule uliompa mtindi ndio uliomlisha utotoni, mama yao alipofariki.

Alasiri Soomar alimleta shehe aikague mashua. Shehe alisoma dua, akagonga mbao moja moja, akanusa nyufa zote.

"Safi," alisema shehe. "Hamna kitu humu."

"Alhamdulillahi!" Soomar alicheka. "Umesikia, mke wangu? Tumepata nyumba!"

Sabhagi alishuka mashuani. Akanyoosha mkono kumwita yangeyange wake. Ndege alimtazama, akaruka mbali. Kisha, ndani ya tumbo lililonyamaza tangu adhuhuri, jiwe likaanza kuzunguka, taratibu.