Nitakuweka wa Akiba

"Samahani mama, hapa huuzi mpaka nijue uyoga huu kaulima nani."

"Kaulima mwanangu."

"Na mwanao yuko wapi?"

"Wewe ndiye wa kuniambia."

Mimi nilikuwa meza ya jirani, napanga mafungu ya bamia. Mikono ikasimama yenyewe. Wanasema macho hayana pazia, na masikio je? Basi nikasogea kidogo, nikajifanya naokota bamia iliyoanguka.

Aliyekuwa anauliza ni meneja wa soko letu la wakulima. Tunamwita Filimbi, maana hakuna kuuza hata ndimu moja kabla hajapuliza filimbi yake. Soko ni la Jumamosi tu, kwenye uwanja wa baraza la mji, nyuma ya ofisi zao. Uwanja si wetu, tumepewa kwa masharti. Tusipigilie misumari kwenye lami, tuache njia ya gari la zimamoto, na adhuhuri pawe peupe kama vile hatukuwahi kuwepo. Filimbi naye akaongeza lake, kwamba anayeuza awe ndiye aliyelima, au mtu wa nyumba yake. Mchuuzi wa kununua kwa jumla hata akilia machozi hapati meza.

Yule mama alikuwa mgeni kwetu. Alikuwa amekaa mkoba mapajani na ndoo mbili za uyoga mbele yake, na hakuita mteja hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kumtazama Filimbi, kuanzia viatu kwenda juu, taratibu, kama mtu anayenunua kabati.

"Mwanangu ninyi hapa mnamwita Uyoga," akasema.

Filimbi akashika ukingo wa meza.

Soko zima tulijua habari za Filimbi na Uyoga. Uyoga, kijana mkulima wa uyoga, alikuwa akifika alfajiri kumsaidia kuchora mistari ya chaki ya meza, na kazi ya mtu mmoja ikawa inawachukua wawili muda mrefu zaidi. Halafu ghafla akapotea. Wiki zikapita. Ukimuuliza Filimbi, anakujibu "sijui" kwa sauti ya kufunga mlango.

"Shikamoo mama," Filimbi akasema. Salamu ilichelewa, lakini ilifika.

"Marahaba. Kumbe adabu unayo." Mama akaweka mkoba sawa. "Sikuja kuuza. Nimekuja kukuona. Nilitaka kuuona uso wa binti anayeweza kumwambia mwanangu atamweka wa akiba."

"Mimi?"

"Wewe. Sasa niambie, maana nimekosa usingizi kwa kujiuliza. Huyo mfuga nyuki ana nini ambacho mwanangu hana?"

Filimbi alishangaa kweli. Nilimwona.

"Mfuga nyuki? Ana mizinga, mama."

"Mizinga!"

"Tena mingi. Na aliwahi kuomba, akakubali masharti yote. Sikuwa na sababu ya kumkataa."

"Mke hana?"

"Anaye. Na wajukuu. Kwani mkewe anahusika nini?"

Mama akajishika kifua. "Mume wa mtu! Na unanitamkia mchana kweupe!"

"Mama, yule pale. Unaweza kwenda kumuuliza mwenyewe."

Tukageuka wote. Mzee mfuga nyuki alikuwa kwenye kiti chake karibu na bomba la maji, kofia imemshukia puani, mdomo wazi, anasinzia kati ya chupa za asali.

Mama akamtazama. Akanitazama mimi. "Yule?"

"Ndiye huyo," nikamjibu.

"Mwanangu kaachwa kwa ajili ya *yule*?"

"Kaachwa na nani?" Filimbi akapandisha sauti, na mkononi alikuwa na mkungu wa ndizi wa watu, sijui aliutoa wapi. "Yeye ndiye aliyeniacha! Nilimpa mwingine meza ya karibu na bomba, akasusa meza, akanisusa na mimi. Mwanaume gani anamwacha mtu kwa sababu ya bomba?"

"Bomba gani tena?"

"Sasa mama unazungumzia nini?"

Walitazamana kama watu wawili waliovaa viatu vya kubadilishana. Mama akasema, "Toa simu yako. Ulimwandikia ujumbe, aliusoma mezani kwangu mpaka chai ikapoa. Hebu na mimi niusikie."

Filimbi akatafuta, akasoma kwa sauti. Uyoga alikuwa ameandika:

"Vipi, nafasi yangu ipo au nimeshachelewa?"

Naye Filimbi akajibu:

"Pole, umechelewa. Nafasi yako nimempa mfuga nyuki, yeye amewahi. Usikate tamaa, nitakuweka wa akiba. Siku mtu asipotokea nitakuita."

Mimi sikuona kosa. Wiki ile baraza la mji lilikuwa limekata kipande cha uwanja ili maofisa wao waegeshe magari. Meza zikapungua, roho zikawa juu, na kila muuzaji akamwandikia Filimbi kuuliza nafasi yake. Hata mimi nilimwandikia hivyohivyo. Na wa akiba kwetu ni yule anayesubiri getini na mzigo wake, mwenye meza asipofika anaingia. Si tusi. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa wa akiba.

Lakini mama alitikisa kichwa. "Binti, mwanangu alikuomba mwoane. Ukamjibu nini?"

Filimbi akaanza kukunja ukingo wa aproni.

"Nakuuliza, ukamjibu nini?"

"Nilisema..." Sauti ikashuka. "Nilisema anipe nafasi kwanza."

"Akakupa. Akakaa kimya, hali, halali. Uvumilivu ulipomshinda akakuuliza kama na yeye bado anayo."

Filimbi akakaa chini, juu ya kreti ya nyanya, na nyanya zenyewe zilikuwemo.

"Kwa nini hakuandika 'moyoni mwako'?" akalia. "Neno lingemgharimu nini?"

"Marehemu baba yake alikuwa hivyohivyo. Alinichumbia kwa kuniuliza kama napenda kukaa karibu na barabara. Nikasema napenda. Wiki iliyofuata wakaja wazee wake kwetu."

Nilicheka, nikakoma, maana mama hakuwa anacheka.

"Sikiliza," akasema. "Leo kuna mtu anakuja kununua banda lake la uyoga. Akishauza, kesho anahamia kwa kaka yake, mbali, akaendeshe lori. Mimi namjua. Akiondoka huyo, harudi kuuliza mara ya pili."

Filimbi akapiga simu papo hapo. Haikuita. Akapiga tena. Vilevile.

"Amekufungia," nikasema. Sikuulizwa, lakini mtu lazima aseme.

Akasimama, akavua aproni, akaangalia geti. Na getini, kama vile ametumwa, akaingia Bwana Viwanja, ofisa wa baraza anayesimamia mali za mji, na utepe wake wa kupimia kiunoni. Mwaka wetu wa kibali ulikuwa unaisha, na ni yeye wa kusema tuendelee au tufunge.

"Meneja, unaelekea wapi?"

"Natoka kidogo tu, bwana. Ni dharura."

"Msimamizi akitoka, soko halina msimamizi. Masharti unayajua. Na leo ndiyo siku ya ukaguzi."

Filimbi akatutazama. Meza zote zilikuwa zimejaa, wateja wanapita na vikapu, na hapo ndipo watu wengi tunapopatia riziki yetu. Sijawahi kumwona akilia. Siku ile machozi yalimlenga, akayafuta kwa aproni, akaivaa tena.

"Siondoki," akasema. "Lakini mama, mimi nampenda. Mfikishie hivyo."

"Mimi si tarishi," mama akajibu. Akatoa simu yake, akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Mama, uko wapi? Mbona ndoo za uyoga sizioni?"

"Nipo sokoni kwenu."

"Kufanya nini?"

"Nauza. Ila wamenikamata. Wananiuliza uyoga unapandwa kwenye nini, nikasema kwenye mchanga."

"Mama! Kwenye mifuko ya majani makavu!"

"Sasa mimi ningejuaje? Wanasema mimi mchuuzi, wananitoa nje mbele za watu. Njoo uniokoe mwanangu, presha inapanda."

Akakata simu, akaitia mkobani. "Anakuja," akasema, na kwa mara ya kwanza akamuuzia mtu uyoga.

Alikuja kweli, na mabuti ya shambani, pikipiki ameiacha nje kwa sababu vyombo vya moto haviruhusiwi ndani. Alikuwa amekonda. Alipita katikati ya meza bila kumsalimia mtu, akasimama mbele ya Filimbi.

"Meneja," akasema. "Mwache mama yangu. Mimi ndiye mkulima."

"Meneja?" Filimbi akarudia. "Leo mimi meneja?"

"Ulitaka nikuiteje? Wa akiba huwa anamwitaje mwenye soko?"

Mzee mfuga nyuki akazinduka kwa makelele. "Kuna nini?"

"Mzee," Filimbi akamwita bila kugeuka, "mimi na wewe tuna nini?"

"Tuna nini? Tuna meza hii ya karibu na bomba. Kwani unataka kuninyang'anya?"

Uyoga akamtazama mzee, akalitazama bomba, akatazama mistari ya chaki chini. Nikamwona anaanza kuelewa, polepole sana.

"Nafasi," akasema. "Ulikuwa unasema meza."

"Meza."

"Na mimi nilikuwa nasema..." Akagusa kifua, akaishia hapo.

"Hata sasa humalizii!"

Sisi tukacheka, hata wateja. Yeye hakucheka.

"Haya, ya meza nimeyaelewa," akasema. "Lakini kabla ya meza nilikuomba tuoane, ukataka nafasi. Nafasi ya nini?"

Kicheko kikafa. Filimbi akasema, "Hilo ndilo nililotaka uniulize siku ile. Ukasema 'sawa', ukawasha pikipiki. Nikabaki hapahapa na chaki mkononi."

"Nilidhani mtu akiomba nafasi anapewa."

"Nilitaka kujua mambo! Mtu akija kuomba meza namuuliza maswali mpaka anajuta. Wewe unataka maisha yangu yote, nisikuulize hata moja?"

Uyoga akavuta pumzi. "Uliza."

"Nikiwa mkeo, Jumamosi nitakuwa wapi?"

"Hapa."

"Na watoto wakija?"

"Watakuwa hapa pia, chini ya meza. Si ndivyo wanavyokua wa wenzetu?"

"Na mji ukichukua uwanja wote?"

Bwana Viwanja, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akisikiliza kama sisi wengine, akainama haraka kupima lami.

"Tutatafuta uwanja mwingine. Nina pikipiki, tutazunguka mpaka tupate."

"Unakoroma?"

"Sijui."

"Anakoroma," mama akasema.

Filimbi hakucheka. Akasogea karibu, akauliza taratibu, "Na siku nyingine nikikuudhi, utanifungia tena simu?"

Uyoga akatazama mabuti yake. "Nilifunga ili niache kuitazama. Nilikuwa nalala nayo mkononi, naamka nayo mkononi. Sitarudia. Nitakuja nikuulize uso kwa uso."

Simu yake ikaanza kuita mfukoni. Sote tulijua ni mnunuzi wa banda. Ikaita, ikaita, hakuigusa.

"Na mimi nina langu moja," akasema.

"Uliza."

"Unanipenda?"

Nilitegemea Filimbi aruke juu. Hakuruka. Alimwangalia kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake mzazi.

"Nakupenda," akasema. "Nakupenda siku zote. Nilidhani unajua."

"Sikujua," Uyoga akasema. Akakaa juu ya ndoo, akajifunika uso kwa mikono yake miwili. Mwanaume mzima, mabuti na yote, akalia mbele ya watu. "Sikujua mimi."

Filimbi akapiga magoti akamkumbatia. Mimi nikalia, mzee wa nyuki akalia, mama akatafuta kitambaa mkobani hakukiona. Bwana Viwanja akakohoa.

"Jamani, samahani. Mmekaa kwenye njia ya gari la zimamoto."

Wakasogea, bado wamekumbatiana. Simu ikaita tena, safari hii Uyoga akapokea. "Ndugu yangu, nisamehe sana. Banda siuzi. Ndiyo. Hapana, si bei. Naoa."

Adhuhuri uwanja ulikuwa umefagiwa, hakuna hata jani. Bwana Viwanja akazunguka mara ya mwisho, akasaini kibali, akamuuliza mama kama uyoga umebaki.

Harusi ilifungwa Jumatatu. Ndugu walilalamika sana, kazini watu wataombaje ruhusa, harusi gani ya Jumatatu, watu si husherehekea Jumamosi? Bwana harusi, ambaye siku hizi anaongea mpaka tunamwomba apumzike, akawajibu wote jibu lilelile.

"Jumamosi mke wangu yuko kazini."