Kanda ya Matanga ya Ngumbao

"Kaimati zinatoka jikoni leo alasiri."

Sauti ilitoka kwenye kidude kidogo kilichofichwa sikioni mwa Kadii, chini ya leso ya msiba. Mkononi alikuwa na sufuria ya matanga, anaisugua kwa mchanga. Hakuinua uso.

"Ngapi?"

"Sahani nzima, binti yangu."

Maana yake ilikuwa moja. Leo mwizi anawakabidhi wanunuzi ramani yote ya sakafu ya bahari.

Mzee Mbaruk, mkuu wake katika kazi ya ujasusi, alikuwa Malindi mjini, ghorofani juu ya duka la vitambaa, amezungukwa na redio. Majirani walidhani kazi yake ni kuuza vitambaa. Aliviuza kweli, tena kwa bei ya kukomoa.

"Tumewanasa kwenye simu ya setilaiti," alisema. "Sikiza, Kadii. Ramani isitoke. Na huyo mwizi namtaka hai."

Kadii akasugua sufuria.

"Nimesema hai."

"Nimesikia, mzee."

Alisikia. Hakuahidi.

Ndani ya nyumba ya mama yao, mtaani Barani, kitanda cha Ngumbao kilikuwa kimesimamishwa ukutani. Ngumbao, marehemu mdogo wake, alikuwa mtunza mafaili wa kampuni ya kupima bahari. Kampuni hiyo ilikuwa imepiga picha sakafu yote ya bahari baina ya Kilifi na Malindi, kila mkondo, kila mwanya kwenye mwamba. Mafaili hayo yalikuwa makubwa mno kukaa kwenye kompyuta moja. Yakawekwa winguni, yaani kwenye mitambo ya watu wa ng'ambo, ambayo mtu huifikia kwa mtandao popote alipo, mradi amepewa ruhusa. Mhandisi yuko Kilifi, mkurugenzi yuko Malindi, na wote wawili wanafungua folda moja.

Kwa waingizaji wa unga wa kulevya, folda hiyo ilikuwa mlango wa uani wa nchi nzima. Mwenye nayo angepitisha mashua pale ambapo hakuna doria wala rada.

Ngumbao ndiye aliyegundua kwanza. Alimpigia dada yake simu akicheka, kama kawaida yake.

"Dada, kuna mgeni kwenye folda yangu. Kaingia, kaketi, wala hakubisha hodi. Ajiita Pweza Mkavu."

Jioni ile gari lilimsukuma mtaroni, yeye na pikipiki yake, njia ya Kakuyuni. Watu wakasema ajali. Kadii akaikagua maiti kwa macho tu, na macho yake yakaona jeraha la bampa.

Kumfungia Pweza mlango kulikuwa sawa na kumwambia akimbie. Kuwataka wenye mitambo wamtaje kulihitaji amri za mahakama na miezi ya kungoja.

Kadii hakuwa na miezi. Alikuwa na mama.

"Mama! Wale wa kazini kwa Ngumbao wameitazama kanda?"

Mpiga picha alikuwa amerekodi matanga yote, tangu jeneza kushuka garini hadi sahani ya mwisho. Kanda ilikuwa nzito, haikuweza kutumwa kwa simu. Ikapandishwa winguni, ndugu na marafiki wakapewa kiungo cha kuifungulia. Kadii mwenyewe ndiye aliyeitia kufuli. Anayetaka kuiona lazima aombe ruhusa, na ombi huja na jina la akaunti yake.

Bi Pola, mama yao, alitoka mlangoni, mikono kiunoni.

"Hawajasema neno! Pilau yangu wamekula, ukoko wamekwangua, neno hawajasema! Lete simu."

Watu watatu tu kazini walikuwa na ruhusa ya folda ya ramani, na lazima mmoja wao ndiye aliyemwingiza Pweza. Linet, mhandisi. Thuku, mkuu wa mashua. Masha, mkurugenzi.

Nani humkatalia mama aliyefiwa?

Linet, aliyepigiwa kwanza, aliomba msamaha, akabonyeza kiungo. Simu ya Kadii ikatetemeka. Jina lake Linet, waziwazi. Thuku naye vivyo hivyo.

Masha akapokea kwa sauti ya asali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kanda ya mwenzio umeiona?"

"Mama, kazi zimenibana mno..."

"Makaburini ulilia kuliko mimi niliyemzaa. Leo kutazama tu kumekushinda? Fungua. Nangoja papa hapa."

Kucha zikagonga kioo cha simu.

"Inasema niombe ruhusa, mama."

"Si uombe! Waona haya?"

Simu ya Kadii ikatetemeka.

*Pweza Mkavu anaomba ruhusa.*

Mchana ule Masha alikuwa ameshinda ndani ya akaunti yake ya siri, akiwaandalia wanunuzi mzigo. Bi Pola alimharakisha, naye akasahau kutoka humo. Ameingia matangani na kofia ya wizi kichwani.

"Umeomba, mwanangu?"

"Nimeomba, mama."

"Mungu akulipe."

Kadii alikuwa akifunga kamba za viatu. "Atalipwa, mama."

Alifungua kompyuta ya Ngumbao. Funguo za mwenye folda alikuwa nazo. Akaiondoa ramani, akaifungia mahali pengine. Pale ilipokuwa akaiweka kanda ya matanga, akaipa jina lile lile la ramani. Kiungo ambacho Masha angewapa wanunuzi hakikubadilika hata herufi.

Akachukua bastola yake ya Glock chini ya godoro. Akawasha pikipiki.

"Mzee, ni Masha. Simu yake iko wapi?"

"Mtaa wa Casuarina. Nyumba ya lango la kijani. Vijana wangu wako nyuma yako, kwenye lori la mchanga. Kadii... hai."

Upepo ulimpiga usoni. Akaongeza mwendo.

Langoni palikuwa na pande la mtu lenye miwani myeusi. Liliona leso, likaona mwanamke wa matangani.

"Hatununui kitu, mama."

"Siuzi. Nagawa."

Alimgusisha mbavuni kifaa cha umeme, kidogo kama tochi. Pande lilianguka kama gunia la makumbi.

Masha alikuwa barazani, kompyuta mbele yake, Prado nyeupe ubavuni. Bampa lilikuwa jipya. Gari kuukuu, bampa jipya.

"Hodi," Kadii alisema. "Kwetu sisi tunabisha."

Mkono wa Masha ulikimbilia mtoto wa meza. Risasi ilipasua gilasi kando ya vidole vyake. Mkono ukarudi wenyewe.

"Dada Kadii! Kuna nini? Mimi nilimpenda Ngumbao kama..."

"Malizia. Kama nini?"

Mdomo wa bastola ulikuwa baina ya macho yake. Kidole cha Kadii kilishaanza kuvuta.

Simu ya Masha, pale mezani, ikalia. Kadii akaibonyeza sauti itoke nje.

"Masha." Kiswahili cha mnunuzi kilikuwa cha mgeni, cha kuparaza. "Mimi nafungua mzigo. Mimi naona jeneza."

Masha alikodoa macho.

"Watu nalia. Wewe pia nalia, nashika jeneza. Pesa yangu ni ya jeneza?"

"Bosi, ni kosa dogo, nipe..."

"Watu yangu iko Malindi. Iko na gari. Sasa hivi nakuja nyumba yako."

Simu ikakatika.

Kidole cha Kadii kililegea. Alimtazama Masha akitota jasho, akaona kwamba risasi ingekuwa zawadi.

"Nikamate, dada! Nipeleke kituoni! Fanya haraka!"

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Kakuyuni."

Alisema. Alilisema gari, kona, jinsi Ngumbao alivyonyanyua mkono kumwamkia kwa kuwa alilijua gari la mkubwa wake. Simu ya Kadii ilirekodi kila neno na kulipandisha winguni papo hapo.

Alimvuta hadi nje. Akamfunga pingu kwenye nondo za lango la kijani, upande wa barabara.

"Usiniache hapa! Wataniua!"

"Piga kelele kidogo. Una sauti nzuri ya kulia, sote tuliisikia."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na muuza madafu. Kadii akaagiza moja, lenye nyama laini. Akaketi juu ya kreti.

"Dada, yule mtu ana nini?" muuzaji aliuliza.

"Anangoja wageni."

Kila gari lililopita, Masha alijikunyata. Suruali yake ililowa kabla ya gari la tatu.

Gari la Noah la kijivu lilisimama. Wanaume wawili walishuka, mikono chini ya shati. Masha akapiga ukelele. Turubai la lori la mchanga likafunuka, na vijana wa Mbaruk wakawaangukia kama nyuki. Hapakuwa na risasi hata moja. Ndani ya Noah zilikuwamo simu za setilaiti na jina la mashua iliyokuwa ikingoja nje ya mwamba.

"Wanamaji wameshaizingira," Mbaruk alisema. "Na Masha? Yu hai?"

"Yu hai. Ila hajafurahi."

Kadii akakomba nyama ya dafu kwa kijiko cha kifuu, taratibu. Simu ikalia. Mama.

"Yule mkurugenzi ameiona kanda au bado?"

"Ameiona, mama. Hadi mwisho."

"Haya. Rudi, sufuria bado chafu."

Akalipa dafu, akafunga leso vizuri, akawasha pikipiki.