Benchi Refu la Meli ya Tumaini

Kila asubuhi, kabla wagonjwa hawajakusanyika ufukweni, Atanasia aliwasha jiko la mafuta ya taa na kubandika sufuria ya sindano. Maji yakitokota, alikaa palepale kuyalinda, maana aliambiwa kwamba sindano isiyochemshwa ni ugonjwa mwingine. Kisha alifagia sitaha, akatandika shuka jeupe mezani na kukunja bendeji.

Alipotoka kwao Ipogolo, Iringa, baada ya kumaliza darasa la nne, hakujua hata moja katika hayo. Alikuja kumsaidia mama yake mdogo, Mama Liberatus, muuguzi katika meli ya misheni iliyoitwa Tumaini. Meli hiyo ilizunguka Ziwa Nyasa ikipeleka walimu, vitabu na dawa. Siku za kwanza Atanasia alitapika mpaka baharia Jailos akamwuliza kama kwao Iringa watu huogopa hata maji ya kunywa. Sasa alitembea sitahani bila kushika kamba, akajiona fundi. Kujiona huko ndiko kulikomponza.

Siku moja walitia nanga Mwaya, kwa Wanyakyusa, kwao Jailos. Mama Liberatus alimpa Atanasia kazi mpya ya kuwapanga wagonjwa kwenye benchi la sitahani na kuwaita kwa zamu. Atanasia alifurahi sana. Benchi lilikuwa moja, refu, naye alitaka wote wakae wamenyooka kama darasani.

Mzee mmoja mwenye kidonda mguuni alikuwa amekwisha kukaa. Mara akapanda mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na homa kali, hata kulia alishindwa. Yule mama alipomwona mzee, alijifunika uso kwa kanga, akajibanza nyuma ya mapipa.

"Mama, njoo ukae hapa karibu na babu," Atanasia aliita.

Mama alizidi kujibanza.

"Kama hutaki benchi, zamu yako nampa mwingine."

Mzee aliinamisha kichwa. Yule mama alishuka mbio, akapotelea kwenye migomba.

"Mkaidi huyo," alisema Atanasia, akamwita aliyefuata.

Jailos alitokea chumba cha mitambo, akifuta mikono kwa kitambaa. "Mbona Anyitike ameondoka? Mwanawe anaumwa tangu juzi."

"Hakutaka kukaa na babu yule."

Jailos aliacha kufuta mikono. "Yule ni baba mkwe wake, binti. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe, wala hapiti naye njia moja. Nawe umemwambia akae naye bega kwa bega, mbele za watu."

Atanasia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Mchana meli ingeondoka, na isingerudi Mwaya mpaka mwezi mwingine. Mama Liberatus, aliyekuwa mezani akitibu, hakuwa ameona lolote, kwa hiyo angeweza kunyamaza yakaisha. Lakini alimkumbuka yule mtoto asiyelia, akaogopa kweli. Akaenda mezani.

"Mama mdogo, nimemfukuza mgonjwa. Ni mtoto mchanga, ana homa kali. Kosa ni langu."

Mama Liberatus alimtazama kidogo. "Basi mfuate. Nahodha nitamwomba mimi asubiri."

Jailos alimwongoza hadi kwa Anyitike, wakamkuta nyuma ya nyumba akimpangusa mtoto kwa kitambaa kibichi. Atanasia alipiga magoti.

"Dada, nisamehe, sikujua. Twende, utapanda kwa nyuma, upande wa jikoni."

"Naye hataniona?"

"Nitakukinga kwa shuka mimi mwenyewe."

Waliporudi, Atanasia aliliinua lile shuka jeupe na kulishikilia juu kwa mikono miwili. Lakini mahali pa mzee benchini palikuwa wazi. Yule mzee alikuwa amejikokota hadi mbele kabisa ya meli, amekaa juu ya kamba, amewapa mgongo, na kidonda chake bado hakijafungwa. Hakuna aliyemwomba kufanya hivyo.

Mtoto alipochomwa sindano, alilia kwa nguvu zake zote. Kule mbele, mzee alikisikia kilio cha mjukuu wake, akatikisa kichwa taratibu kwa furaha. "Ndaga," alisema Anyitike, akishukuru kwa lugha yake.

Jioni, meli ikiwa njiani, Mama Liberatus alimwita Atanasia.

"Kuchemsha sindano nimekufundisha mimi. Lakini jambo ambalo mgonjwa analionea haya utalijua kwa kumwuliza tu, tena kwa upole. Mtu akikataa benchi, usimwite mkaidi kabla hujajua sababu. Na ukikosea, sema upesi kama leo. Ungenyamaza, yule mtoto tungemwacha na homa yake."

Kesho yake Atanasia alimwomba Jailos msumeno. Jailos alimwonyesha jinsi ya kuushika, akamwacha akate mwenyewe. Meli iliporudi Mwaya ilikuwa na mabenchi mawili mafupi, moja mbele na moja nyuma. La nyuma liliyumba kidogo, maana miguu yake aliipigilia Atanasia. Anyitike alilikalia hivyohivyo, mtoto akicheka mapajani mwake.